Mtoto hachanganyikiwi kwa lugha mbili, jamani

Juzi asubuhi simu imelia, kumbe ni mwanafunzi wangu wa zamani, siku hizi ni baba wa mtoto wa miaka miwili na nusu. Shikamoo mwalimu, marahaba mwanangu, habari za nyumbani. Akaniambia wameamua na mwenzake waache Kiswahili nyumbani, mtoto aongeleshwe Kiingereza tu, manake anachanganya maneno na wameambiwa lugha mbili zinamvuruga mtoto. Mimi darasani nimeshastaafu ila hii stori inanifuata, nimeisikia kwa wazazi kwenye vikao, nimeisikia ofisini kwa walimu wenzangu tena walimu wa lugha, na niliisikia kuhusu binti yangu mwenyewe alipokuwa mdogo. Safari hii nimesema hapana, naandika.

Nikamuuliza, anachanganyaje, nipe mfano. Akasema jana kaja analia, "Baba, amenipushi!"

Haya tukae hapo hapo. Hebu ivunje hiyo amenipushi. A- nafsi ya tatu umoja, -me- hali timilifu, -ni- yambwa, yaani mimi niliyesukumwa, ndo linafuata shina la kukopa, push la Kiingereza, na mwishoni kaweka irabu -i kama sisi wakubwa tunavyosema kurudi, kusafiri, kufikiri, vitenzi vilivyotoka Kiarabu ambavyo navyo haviishii na -a. Mtoto wa miaka miwili na nusu! Kapanga viambishi vitatu na kila kimoja kimekaa mahali pake, hakusema nimeapushi wala amepushimimi. Watu wazima wanaojifunza Kiswahili ukubwani hiyo -ni- inawatoa jasho miezi na miezi, nawajua, nimewasahihishia madaftari. Kilichompotea huyu mtoto ni neno moja tu, kusukuma, halikumjia haraka maana alikuwa analia, akachukua lililo karibu akalivisha Kiswahili kuanzia kichwani mpaka miguuni. Aliyechanganyikiwa hajui nini kinakaa wapi. Huyu anajua sarufi ya kwao kuliko alivyo na maneno, basi, na maneno yataongezeka.

Tena hayo maneno yenyewe watu wanayahesabu vibaya. Tuseme mtoto ana maneno 40 ya Kiswahili na 35 ya Kiingereza, wa jirani ana 70 ya lugha moja, wewe unashika yale 40 unasema wangu kachelewa. Hesabu zote mbili! Hili sitaki hata kubishana.

Ni kweli zamani hata wasomi waliamini hivyo. Mwaka 1923 mtafiti mmoja, Saer, alipima akili za watoto kule Wales akasema wa vijijini wenye lugha mbili wako nyuma. Mwaka 1962 watafiti wengine, Peal na Lambert, wakapima watoto wa miaka 10 kule Montreal, Kanada, ila wao wakahakikisha wanalinganisha watoto wa familia zenye hali ya maisha inayofanana, na wenye lugha mbili ndo wakafanya vizuri zaidi. Yaani kwa miaka mingi ugumu wa maisha ulikuwa unapewa jina la lugha.

Na mimi niseme ukweli wangu. Baada ya hapo tulienda upande wa pili kwa kasi, tukaanza kuwaambia wazazi lugha mbili zinamfanya mtoto awe na akili zaidi, na mimi nimelisema hilo mbele ya wazazi mara nyingi kwa kujiamini. Tafiti kubwa za baadaye nyingi hazikuiona hiyo faida, au zimeiona ndogo sana. Kwa hiyo siku hizi silisemi tena. Mtoto anapata lugha mbili na watu wa lugha mbili, hiyo peke yake inanitosha.

Kuchelewa kweli kupo, na hakuangalii idadi ya lugha. Miezi 12 mtoto habwabwaji, miezi 16 hana hata neno moja, miaka miwili haungi maneno mawili, au alikuwa na maneno yakapotea, hapo mpeleke kwa mtaalamu, na masikio yapimwe kwanza. Usikae nyumbani unapunguza lugha ukidhani ndo dawa.

Sasa kinachoniuma. Binti yangu alipokuwa na miaka mitatu niliambiwa niache Kiswahili, na mimi, mwalimu wa lugha, nikaogopa nikaacha. Ndani ya wiki chache nikawa mama wa amri. Kaa, njoo, vaa viatu, lala. Kiingereza nilikuwa nakifundisha vizuri tu lakini kubembeleza kwa Kiingereza sikujua, kumtania sikujua, hadithi za usiku zikawa fupi halafu zikaisha kabisa. Usiku mmoja akapata homa, nikamshika, maneno yakanitoka kwa Kiswahili bila kufikiri, pole mama, pole mwanangu, itapoa. Akafungua macho akasema, "Mama, sema tena hivyo hivyo." Sikurudi tena nyuma. Hiyo miezi ndo siwezi kuirudisha.

Nikamweleza huyu kijana yote hayo, akauliza sasa mwalimu akisema amenipushi nifanyeje? Usimkatize, usimwambie rudia vizuri, mjibu tu kama unavyomjibu mtu anayelia: "Amekusukuma? Nani kakusukuma?" Neno kalisikia likiwa mahali pake, na wewe umemsikiliza shida yake.

Jana jioni kanitumia voisi. Kuna kelele za watoto, halafu kasauti kanalia karibu kabisa na simu: "Baba, amenisukumi!"

Nimeisikiliza mara nne. Nimemjibu hiyo -i muiache, itaondoka yenyewe.