Cheti cha maji si msahafu

Jirani yangu Kisauni ametia fremu majibu ya kisima chake. "Risasi: haikuonekana." Akipita mgeni, huonyeshwa. Baada ya yale ya Owino Uhuru, kitongoji cha Mombasa kilichochafuliwa kwa risasi, metali yenye sumu, na kiwanda cha kuyeyusha betri, simlaumu, lakini neno "haikuonekana" halimaanishi kuwa maji hayana risasi hata chembe. Maana yake ni kwamba kiasi kilichomo kiko chini ya kile ambacho mashine inaweza kukiona. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita. Mashine isiyoona chini ya 50 itaandika "haikuonekana" hata maji yakiwa na 40.

Wengine husema: walipima mara tatu, jibu likawa lile lile, basi ni sahihi. Mizani iliyochezewa nayo hukupa gramu 900 kwa jina la kilo tangu asubuhi hadi magharibi, bila kuyumba. Maabara hujaribiwa kwa kupewa maji ambayo kiasi chake kinajulikana na mwandaaji, ila yenyewe haijui. Sampuli hiyo hiyo hutumwa kwa maabara nyingi, na kila moja hupewa alama kwa jinsi ilivyokuwa mbali na jibu; sifuri ndiyo bora. Alama isiyozidi 2, juu au chini, inakubalika. Ikifika 3, wakatafute walipokosea.

"Wana ithibati, yatosha." Ithibati ya ISO/IEC 17025, yaani uthibitisho kwamba maabara ina uwezo wa kupima, ambayo hapa Kenya hutolewa na shirika la KENAS, huhusu vipimo vilivyotajwa kwenye orodha yake. Maabara inaweza kuwa nayo kwa kloridi na isiwe nayo kwa kadimiamu. Omba uione hiyo orodha.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kwamba mashine ya bei kali haikosei. Mojawapo, iitwayo ICP-MS, hutambua metali kwa uzito wa atomu, na uzito wa aseniki, ambayo ni sumu, ni 75. Sasa, mashine hiyo huendeshwa kwa gesi ya argoni, yenye uzito wa 40, na maji ya visima vyetu vingi ni ya chumvi, yaani yana klorini, yenye uzito wa 35. Zikishikana humo ndani, jumlisha mwenyewe. Chumvi ya bahari inaandikwa sumu! Zipo mashine zenye chemba ya heliamu ya kuwazuia wasingiziaji hao, mradi fundi akumbuke kuiwasha. Kuongeza aseniki kidogo kwenye sampuli na kuona kama itasomeka yote hakufichui kosa hili, kwa kuwa uongo uliokuwemo unabaki pale pale. Afadhali wapime maji yasiyo na aseniki, yaliyotiwa chumvi safi kiasi cha kisima chako. Namba yoyote ya maana itakayotokea hapo ni ya uongo.

Na ile chupa ya soda aliyopelekea sampuli jirani yangu? Metali hunata kwenye kuta za chupa. Chupa huoshwa kwa asidi, kisha maji hutiwa asidi ya naitriki mpaka pH ishuke chini ya 2. Ya kwake yalikaa kwenye buti ya gari siku mbili, bila tone la asidi.