Masvingo: Nani Hasa Alijenga Great Zimbabwe?
Masvingo ni mkoa wa kusini-mashariki mwa Zimbabwe, nchi ya ukame na ng'ombe, lakini wengi wanaujua kwa kuta za Great Zimbabwe, magofu ya mji wa kale wa mawe. Kwa muda mrefu walowezi walidai zilijengwa na Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni, au Malkia wa Sheba. Si kweli, na dai hilo liliwanyima wenyeji urithi wao. Waliozijenga ni mababu wa Washona, kati ya karne ya 11 na ya 15, wakipanga mawe ya itale bila chokaa, kwingine hadi mita 11 kwenda juu. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alilieleza hilo mwaka 1905. Mwenzake Gertrude Caton-Thompson akalithibitisha mwaka 1929. Humo ilipatikana hata sarafu ya Kilwa, maana dhahabu ya huko ilifika pwani yetu kupitia Sofala, bandari ya kale iliyoko Msumbiji.