Utafiti wa jiofizikia katika utafutaji wa madini: maana yake na mipaka yake

Utafiti wa jiofizikia ni kazi ya kupima tabia za kifizikia za miamba iliyofichwa na udongo, mchanga au miamba mingine, ili kutambua mahali ambapo mwamba mmoja unatofautiana na majirani zake kwa namna inayoweza kuashiria mashapo ya madini. Vipimo huchukuliwa kwa ndege au helikopta, kwa watu wanaotembea na vifaa kwenye mistari iliyopangwa, au kwa kifaa kinachoteremshwa ndani ya shimo lililochorongwa. Tabia zinazopimwa si nyingi: usumaku, densiti, uwezo wa kupitisha umeme, uwezo wa kushikilia chaji ya umeme kwa muda mfupi, mionzi ya asili, na kasi ya mawimbi ya mtetemo.

Jambo linalostahili kueleweka kabla ya mengine yote ni kwamba kinachopimwa ni tofauti kati ya miamba, wala si madini yenyewe. Dhahabu ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mbale, yaani mwamba wenye madini, inayochimbwa kwa faida inaweza kuwa na gramu chache tu za dhahabu katika kila tani ya mwamba, yaani sehemu chache kwa milioni, na hakuna kifaa kinachoweza kuhisi kiasi hicho kikiwa juu ya ardhi. Kwa hiyo mtafiti hutafuta vitu vinavyoambatana na dhahabu: mikanda ya miamba iliyovunjika ambamo maji ya moto yalipita zamani, mishipa ya kwazi, na madini ya salfaidi (muungano wa metali na salfa) kama pairaiti. Mkazi wa Geita, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, anayetazama vilima vya kwao anatazama mfano mzuri wa uhusiano huo. Ukanda wa Geita una miamba yenye matabaka ya chuma, iliyojaa magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku mkali), ambayo huonekana kwenye ramani ya usumaku kama mistari mikali isiyoweza kupotea machoni. Sehemu ya dhahabu ya huko ilijikusanya pale vimiminika vyenye salfa vilipokutana na chuma hicho na kuigeuza magnetaiti kuwa pairaiti, na kwa sababu pairaiti haina usumaku wa maana, mahali ambapo mstari unakatika, kufifia au kupinda huweza kuwa na thamani kubwa kuliko mahali unapong'aa zaidi.

Upimaji wa usumaku ndio wa zamani kuliko vyote. Wasweden walitumia dira kutafuta chuma tangu karne ya 17. Uga wa sumaku wa dunia una nguvu ya takriban nanotesla (kizio cha nguvu ya sumaku) 25,000 hadi 65,000 kutegemea mahali, na katika Kanda ya Ziwa ni takriban 33,000. Mwamba wenye magnetaiti huongeza au hupunguza kiasi hicho kwa makumi, mamia au hata maelfu ya nanotesla, na tofauti hiyo ndiyo inayoitwa anomali. Kwa kuwa jua nalo huubadilisha uga huo kwa makumi ya nanotesla katika siku moja, kifaa cha pili huachwa mahali pamoja kikisoma mfululizo, ili mabadiliko ya siku yatolewe kwenye vipimo vya kifaa kinachotembea. Msomaji wa ramani katika Afrika Mashariki anahitaji uangalifu wa ziada, kwa sababu tuko karibu na ikweta ya sumaku, ambako mistari ya uga imelala kuelekea mlalo badala ya kusimama kama ilivyo Kanada au Finland. Matokeo yake ni kwamba mwamba wenye sumaku kali unaweza kujitokeza kwenye ramani kama bonde, si kama kilele, na mwamba mwembamba ulionyooka kutoka kaskazini kwenda kusini unaweza kufifia karibu kutoweka kabisa. Anayechukua ramani ya Geita na kuisoma kwa mazoea ya vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za kaskazini anaweza kuweka mashine ya kuchoronga kando ya mwamba anaoutafuta.

Upimaji wa uvutano hutafuta miamba mizito. Graniti ina densiti ya takriban gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, ilhali mkusanyiko mzito wa salfaidi unaweza kuzidi 4, na tofauti hiyo huvuta chemchemi nyeti iliyo ndani ya kifaa kwa kiasi kidogo mno. Mashapo mengi hutoa anomali isiyofika miligali moja, yaani karibu sehemu moja kwa milioni ya nguvu ya uvutano wa dunia, na wakati huohuo kupanda mita moja tu hubadilisha kipimo kwa takriban miligali 0.3. Ndiyo maana kimo cha kila kituo hupimwa kwa usahihi wa sentimita kadhaa, na sehemu kubwa ya jasho la kazi hii humwagika kwa wapima ardhi.

Njia za umeme ndizo zinazokaribia zaidi madini ya metali. Katika ile iliyo rahisi, mkondo huingizwa ardhini kupitia vigingi viwili vya chuma, na volti hupimwa kati ya vigingi vingine viwili. Salfaidi zilizoungana hupitisha umeme kwa urahisi. Zile zilizotawanyika kama punje ndani ya mwamba haziungani, lakini hushikilia chaji kwa muda mfupi baada ya mkondo kukatwa, na kupima jinsi chaji hiyo inavyofifia ndiyo njia inayotegemewa sana kwa shaba iliyotawanyika na kwa dhahabu inayoambatana na pairaiti. Njia ya sumakuumeme haihitaji kigingi chochote. Koili kubwa, yaani waya uliozungushwa, iliyoning'inizwa chini ya helikopta hupitishiwa mkondo unaokatwa ghafla. Kukatwa huko huzalisha mikondo midogo ndani ya mwamba unaopitisha umeme, na kadiri mwamba unavyopitisha umeme vizuri ndivyo mikondo hiyo inavyochelewa kufa. Kwa njia ya sumakuumeme, anomali iliyoonwa kutoka angani karibu na Timmins, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ilichorongwa mwaka 1963 na kufichua Kidd Creek, moja ya mashapo makubwa ya shaba na zinki duniani.

Umeme, hata hivyo, haupiti kwenye salfaidi pekee. Udongo mweusi wa mbugani, maji ya chumvi na grafaiti (kaboni kama ile ya penseli) navyo huupitisha, na grafaiti imewapotosha watafutaji wengi wa nikeli na dhahabu. Huko Mahenge na Ruangwa mambo ni kinyume: grafaiti ndiyo inayotafutwa, na kifaa kilekile kilichomchosha mtafuta nikeli kinakuwa msaada mkubwa. Kwa maoni yangu hakuna mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba kipimo hakina maana peke yake, bila jiolojia ya mahali kilipochukuliwa.

Upimaji wa mionzi hurekodi potasiamu, urani na thori, lakini hauoni zaidi ya nusu mita ya juu, kwa hiyo faida yake kubwa ni kuchora ramani ya miamba na udongo. Mawimbi ya mtetemo, ambayo ni tegemeo la watafuta mafuta na gesi, hutumika kwa nadra zaidi katika madini kwa sababu ya gharama na kwa sababu miamba yenye metali mara nyingi imekunjwa na kusimama wima.

Nafasi kati ya mistari ya kuruka huamua ni kitu gani kitaonekana. Tanzania ilipimwa kwa ndege kati ya mwaka 1977 na 1980, kwa usumaku na mionzi, mistari ikiwa umbali wa kilomita moja na ndege ikiwa mita 120 juu ya ardhi. Ramani hizo bado zinafaa kwa kutambua mikanda mikubwa, lakini bomba la kimbalaiti, mwamba unaoweza kubeba almasi, lenye upana wa mita 200 linaweza kukaa katikati ya mistari miwili bila kuguswa. Uganda ilipima takriban asilimia 80 ya nchi katika mradi ulioanza miaka ya 2000, eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki, likaachwa kwa sababu za usalama. Kwa Tanzania, kumbukumbu za aina hii hutunzwa na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iliyoko Dodoma, na kuziulizia ni hatua ya kwanza ya busara kwa yeyote mwenye leseni, mkubwa au mdogo. Inaniuma ninapoona wachimbaji wadogo wakitumia akiba yao yote kununua vifaa vinavyodaiwa kuiona dhahabu makumi ya mita chini ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia. Kifaa cha mkononi cha kugundua metali hunasa kipande cha dhahabu kilicho karibu na uso wa ardhi. Hakiwezi kuonyesha dhahabu laini iliyotawanyika ndani ya mshipa wa chini.

Hata vipimo bora hubaki na utata wa asili, kwani mwamba mdogo ulio karibu na uso wa ardhi na mwamba mkubwa ulio mbali chini huweza kutoa anomali zinazofanana. Kompyuta hujenga picha ya chini ya ardhi inayolingana na vipimo, lakini picha nyingine nyingi hulingana navyo vilevile. Olympic Dam, mashapo ya shaba huko Australia Kusini, ni ushahidi wa hilo. Mwaka 1975 wachorongaji waliweka shimo la kwanza mahali ambapo anomali za uvutano na usumaku zilikutana, wakitarajia kukuta miamba ya basalti. Mashapo yalikuwa yamefunikwa na zaidi ya mita 300 za miamba isiyo na madini. Shimo hilo lilikuta shaba kiasi, mashimo yaliyofuata mengi yakavunja moyo, na la kumi, mwaka 1976, likapita kwenye mita 170 za mwamba wenye shaba asilimia 2.1. Uzito ulioonwa na kifaa ulitoka kwenye hematiti, madini mazito ya chuma, iliyoambatana na mbale, ilhali chanzo kikuu cha usumaku kilikuwa chini zaidi na hakikuwa mbale yenyewe.

Ndiyo maana shimo lililokosa shabaha halihesabiwi kuwa hasara tupu. Kipokezi cha sumakuumeme kikiteremshwa ndani yake, huku koili ikiwa imetandazwa juu ya ardhi, husoma mikondo ya miamba iliyo pembeni, na umbo la vipimo huonyesha upande ambao salfaidi ziko na umbali wake. Njia hii imetumika Kabanga, wilayani Ngara, ambako salfaidi zenye nikeli hushuka mamia ya mita chini, kina ambacho koili ya helikopta hupata shida kukifikia, na matokeo yake husaidia kuchagua mwelekeo wa shimo linalofuata.