Uyakinifu wa Marx na hiari ya mtu: dhana potofu na ukweli

Dhana potofu: Katika uyakinifu wa Karl Marx, yaani nadharia kwamba hali halisi za maisha, hasa uchumi, ndizo msingi wa jamii na fikra, mtu ni zao la uchumi tu na hana hiari.

Ukweli: Mwaka 1845, katika hoja zake fupi kumhusu mwanafalsafa Mjerumani Ludwig Feuerbach, Marx aliwakosoa waliodai kwamba binadamu ni zao la mazingira, kwa kuwa walisahau kuwa mazingira hayo hubadilishwa na binadamu mwenyewe. Mwaka 1852 akaandika kwamba watu huiunda historia yao, ila si katika hali walizojichagulia. Katika mijadala yetu hapa Nairobi hukaririwa sehemu ya pili ya kauli hiyo na ya kwanza huachwa, nami naliona hilo kuwa hasara kubwa.

Dhana potofu: Udhanaishi, yaani falsafa inayosisitiza uhuru wa mtu kujiamulia maisha yake, hufundisha kwamba mtu anaweza kuwa chochote atakacho.

Ukweli: La. Tangu mwaka 1943, mwanafalsafa Mfaransa wa udhanaishi Jean-Paul Sartre alisisitiza kwamba uhuru hutumika ndani ya hali maalumu: mahali, wakati uliopita, watu wengine.

Dhana potofu: Nadharia hizi mbili haziwezi kukutana.

Ukweli: Sartre mwenyewe alijaribu kuzikutanisha katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1960. Alitoa mfano wa foleni ya basi jijini Paris: watu wamesimama pamoja, lakini uhaba wa viti humfanya kila mmoja awe mshindani wa mwenzake. Anayesubiri matatu stejini jioni ya mvua, nauli ikiwa imepandishwa, anaijua hali hiyo. Kisha akaonyesha jinsi watu waliotengana hivyo wanavyoweza kugeuka kundi lenye lengo moja, kama Paris mwezi Julai 1789, Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza.

Nairobi inatupa mfano ulio karibu zaidi. Mwezi Mei 1950, viongozi wa vyama vya wafanyakazi Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, wafanyakazi waligoma. Mishahara duni na msongamano katika makazi ya Waafrika hueleza kwa nini mgomo uliwezekana. Havielezi kwa nini mtu fulani, akijua kwamba angeweza kufutwa kazi, aliweka chini vifaa vyake asubuhi ile na si mwaka uliotangulia. Singh alizuiliwa hadi mwaka 1961.

Suala moja halikutatuliwa kwa upatanisho huu. Sartre aliona kwamba kundi lililozaliwa katika mapambano huelekea kuwa taasisi yenye wakubwa na viapo, ikawarudishia wanachama utengano uleule waliouasi, na hakutoa kanuni ya kulizuia hilo.