Hedhi inayobadilika-badilika: tunayoambiana na yalivyo kweli

"Mzunguko usio wa siku 28 ni mbovu." Hapana. Kwa mwanamke mzima, siku 21 hadi 35 ni kawaida, na kwa binti aliyevunja ungo juzijuzi unaweza kufika hata 45, kwa kuwa mayai yake bado hayapevuki kila mwezi. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunahesabu tangu damu ilipokata. Anza siku ya kwanza ya damu. Ukianza tarehe 3 Machi na nyingine ikaja tarehe 1 Aprili, mzunguko wako ni siku 29.

"Usipoona siku zako, damu chafu inajikusanya tumboni." Hii ndiyo inayowafanya wanawake waukimbie uzazi wa mpango. Damu ya hedhi hutokana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Unanenepa ukisubiri mimba, na mimba isipotunga unabomoka na kutoka. Ukiwa kwenye sindano ya miezi mitatu au kipandikizi, utando huo hubaki mwembamba. Wengi huona matone matone mwanzoni, kisha wengine hawaoni tena kitu, na hakuna damu iliyofichwa popote. Ukiacha sindano, uwezo wa kushika mimba unaweza kukawia kurudi, pengine mwaka mzima.

Lakini kama hutumii njia yoyote, hunyonyeshi, kipimo cha mimba hakioni kitu, na umepitisha miezi mitatu, hapo ni habari nyingine. Yai huenda halipevuki, na utando unazidi kunenepa bila kubomoka kwa mpangilio. Siku damu ikija, inakuja nyingi. Ukiachwa hivyo kwa miaka, utando huo unaweza kuingia saratani. Chanzo huweza kuwa PCOS, tatizo la homoni linalompata takriban mwanamke mmoja kati ya kumi, mara nyingi likiandamana na chunusi na vinyweleo vya kidevuni. Huweza pia kuwa tezi ya shingo, kukonda sana au msongo mkubwa wa mawazo.

"Hedhi ikivurugika, huzai." Wangapi wameacha kujikinga kwa kuamini hivyo, wakashtukia wana mimba? Yai linaweza kupevuka siku usiyoitegemea.

"Safisha kizazi." Tafadhali, usifanye. Kizazi kinajisafisha chenyewe. Dawa za kusafishia zinazoingizwa ukeni huua bakteria wanaokulinda, huchubua na kukaribisha maambukizi, na wakati huo ugonjwa wenyewe unaendelea.

"Kwetu damu nyingi ni ya ukoo." Namfahamu mama aliyekuwa akitandika kanga tatu kitandani na kuamka saa nane usiku kubadilisha. Mama yake naye alikuwa hivyo, kwa hiyo hakulalamika. Alipofika hospitali viganja vilikuwa vyeupe, na ndani kulikuwa na uvimbe kwenye kizazi. Damu inayozidi siku 7, au yenye mabonge makubwa, si ya kuvumilia. Pedi ikilowa kila saa kwa saa mbili mfululizo, nenda siku hiyohiyo.

Nenda pia ukitokwa damu baada ya tendo la ndoa, au ukiona hata tone moja baada ya hedhi kukoma kwa umri na mwaka mzima kupita. Binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apelekwe. Na ukichelewa kuona siku zako, kisha yakaja maumivu makali upande mmoja wa tumbo au kizunguzungu cha kuanguka, usingoje kukuche: inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi.

Ukienda, beba tarehe zako za miezi mitatu na utaje kila dawa unayotumia, pamoja na vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ulivyonunua kimyakimya duka la dawa. Hivyo navyo huvuruga mwezi, na daktari asipojua ataanza kutafuta ugonjwa usiokuwepo.