Jezi ziko kabatini

Mazembe, timu ya soka ya Lubumbashi hapa Kongo, ikifungwa nyumbani, pita mtaa wake wa Kamalondo kesho yake asubuhi uhesabu jezi zake nyeusi na nyeupe. Utazikuta za kuhesabika. Mgeni angesema timu imekimbiwa na mashabiki. Mwenyeji wa Lubumbashi anajua ziko kabatini.

Kazi yangu ni sondaje, kuuliza watu maoni yao kwa simu, na mfano huo wa jezi ndio ninaowapa wahoji wapya wakiuliza kwa nini sina haraka na takwimu za siku mbili tatu baada ya mgombea kuteleza ulimi kwenye mdahalo. Kwetu wagombea wakubwa wa urais ni nadra kukaa meza moja, kwa hiyo mifano naichukua Marekani.

Tarehe 6 Oktoba 1976, Rais Gerald Ford alisema kwenye mdahalo na mpinzani wake Jimmy Carter kwamba Wasovieti hawaitawali Ulaya Mashariki, ilhali wakati ule walikuwa wakiitawala. Wengi waliohojiwa usiku uleule walimwona Ford kashinda. Kesho yake jioni, baada ya redio na televisheni kulirudia neno lile kutwa nzima, majibu yalikuwa yamegeuka. Basi sondaje ikiletwa mezani kwangu, kwanza naangalia saa: simu zilipigwa lini?

Kisha, nani alipokea? Hapo ndipo penye kazi. Oktoba 2012, Rais Barack Obama alipopwaya kwenye mdahalo wa Denver mbele ya mpinzani wake Mitt Romney, sondaje zilimwonyesha anaporomoka. Mtaalamu wa takwimu Andrew Gelman na wenzake walikuwa wakikusanya maoni kila siku kupitia Xbox, mashine ya michezo ya video. Walipopima majibu kwa kuzingatia chama cha kila mhojiwa, sehemu kubwa ya mporomoko ule ikayeyuka. Watu wa Obama walikuwa wamenuna tu. Wa Romney walikuwa na hamu ya kuongea.

Kununa huko nakujua kwa sikio. "Baba, leo siasa hapana, niko sokoni," kisha simu inakatwa, na mhoji anaandika "amekataa".

Ndiyo maana kila fomu yangu ina swali: uchaguzi uliopita ulimpigia nani? Linanisaidia kujua kambi ipi imejificha. Ila nalo lina uongo wake, kwa sababu mshindi akishaapishwa, hata waliompinga huniambia walimpigia yeye.