Kiwanja kina hati, sawa. Anayeuza ni nani?

Mtu akitafutiwa kiwanja au nyumba ya kununua, huuliza kwanza: "Kina hati?" Ni swali la maana, lakini lingefaa kuwa la pili. La kwanza ni kama huyu anayeuza ana mamlaka ya kuuza. Migogoro mingi tunayoletewa kwenye dawati la msaada wa kisheria ina karatasi safi, zenye saini na mihuri. Tatizo liko kwa aliyesaini: mtoto wa marehemu, mume ambaye mkewe hana habari, au mtu aliyeshika nakala ya hati ya mwenzake. Majibu ya maswali yaliyo hapa chini yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Nyumba ni ya marehemu, na watoto wote wamekubali iuzwe. Ninunue?

Bado. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini za wajomba na mashangazi wote, kazi yake ni kupendekeza jina la msimamizi. Haumpi mtu yeyote haki ya kuuza. Kama mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo, omba kuona Fomu Na. IV, ambayo ndiyo barua ya uteuzi, kisha nenda mahakama iliyoitoa ukahakiki namba ya shauri. Picha ya kwenye simu isikutosheleze. Ukifika hapo uliza pia kama mirathi imeshafungwa. Ikiwa mali iligawiwa na shauri likafungwa, msimamizi hana tena cha kuuza. Muuzaji wako sasa ni mrithi aliyepewa nyumba hiyo.

Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kwamba msimamizi halazimiki kupata idhini ya kila mrithi kabla ya kuuza. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Hata hivyo, mimi humshauri mnunuzi aombe warithi waitwe na wasaini kama mashahidi. Kesi ya mirathi, hata ukiwa na haki, inaweza kukuweka mahakamani miaka mingi huku nyumba ikiwa imefungwa kufuli la mtu mwingine.

Hati ina jina la mume peke yake. Mke anahusika?

Anahusika sana. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa zawadi nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ikiuzwa bila ridhaa, mnunuzi anaipokea pamoja na haki ya yule mwenza kuendelea kuishi humo wakati ndoa ingalipo. Yaani umeshalipa fedha zako, lakini mama mwenye nyumba bado yumo ndani, na sheria iko upande wake.

Muuzaji akidai hajaoa, aape mbele ya kamishna wa viapo na hati ya kiapo iambatishwe kwenye mkataba. Usiishie hapo. Pita kwa majirani, uliza nani anaishi pale na tangu lini. Sheria ya Ndoa hudhania kuwa watu walioishi pamoja miaka 2 au zaidi na kutambulika kama mke na mume wameoana, kwa hiyo "sisi hatujafunga ndoa" halijamaliza hoja. Nayo Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi mwenyewe aulize kuhusu ridhaa ya mwenza. Asiyeuliza anapata shida kujiita mnunuzi mwenye nia njema. Nimeona wanunuzi wengi wakiona aibu kuuliza habari za ndoa ya mtu. Ulizeni tu.

Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa na tumelipa asilimia 10. Si ndiyo basi?

Mkataba wenu unaweza kuwa mzuri, kwa sababu sheria inataka makubaliano ya kuuza ardhi yawe ya maandishi na yawe na saini. Mwenyekiti wa mtaa anashuhudia kwamba watu hawa anawafahamu na wamesaini mbele yake. Hana mamlaka ya kuidhinisha mauzo, na Sheria ya Ardhi haina kifungu kinachompa sehemu ya kumi ya bei. Watu wameilipa kwa mazoea hadi wakaiona kuwa kodi.

Kama kiwanja kimesajiliwa, milki inahama pale Msajili wa Hati anapoandika jina lako kwenye daftari. Kabla ya hapo unacho mkataba unaokuwezesha kumdai muuzaji, lakini daftari bado linamtambua yeye. Ili ufike kwa Msajili mtajaza fomu za ardhi, ambazo mawakili huziita kwa namba: 29 ya kutoa taarifa ya uhamisho, 30 ya kuomba kibali, na 35 ambayo ndiyo hati ya uhamisho yenyewe. Wakili anayewaandalia jina lake lithibitishwe kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Ni bure, na wapo wanaovaa suti bila kuwa na leseni.

Kijijini mambo ni tofauti kabisa. Huko inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, na uuzaji unahitaji idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake au ya ofisa mtendaji peke yake si Halmashauri. Dai muhtasari wa kikao kilichokaa, wenye majina ya wajumbe na uamuzi ulioandikwa. Mahakama zimekuwa zikitamka kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji bila idhini hiyo ni batili, na huruma kwa mnunuzi haibadilishi kitu. Wanaonunua ekari Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo wakidhani bado wako mjini hujikuta humu mara nyingi.

Nitajuaje kama hati ni ya kweli?

Fanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya mkoa, kabla ya kutoa hata kishika uchumba. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio, yaani ombi la kusimamisha uhamisho. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha NIDA cha aliyekaa mbele yako. Majina yakitofautiana utaambiwa kwamba hati ina jina la mmiliki wa awali, na huyu alinunua kwake kwa karatasi ya mtaa bila kuhamisha. Basi mtafuteni huyo wa awali, maana uhamisho unasainiwa na aliyemo kwenye daftari. Kama amefariki, rudi kwenye swali la nyumba ya marehemu hapo juu.

Risiti ya kodi ya pango la ardhi ni ya kudai pia, kwa kuwa mmiliki asiyelipa anaweza kubatilishiwa milki. Lakini kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kwenye umeme kupitia LUKU, haithibitishi umiliki. Hata mpangaji huilipa. Wala kuwa na umeme hakumaanishi kwamba nyumba iko mahali halali. Bomoabomoa ya mwaka 2017 kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, Dar es Salaam, ilikumba nyumba zilizokuwa na umeme na maji ya bomba. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya barabara kuu na za mikoa, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, na zipo sehemu ambako hifadhi ni pana zaidi, kama hapo Kimara. Ukingo wa mto, ziwa au bahari nao una mita zake 60 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa hiyo nenda na mpima ardhi akutafutie bikoni, yaani alama za mipaka, na akuonyeshe kiwanja kilipo kwenye ramani ya mipango miji. Kiwanja kinachouzwa kwa hatua, "20 kwa 20", bila upimaji, hakina daftari la kupekuliwa. Hapo unategemea majirani wote wa mpakani wasaini kukubali mipaka, na uhakika wake ni mdogo kulingana na bei yake.

Kodi ni za nani?

Ushuru wa stempu ni asilimia 1 ya thamani, na kwa kawaida hulipwa na mnunuzi. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji: kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Bila uthibitisho wa TRA, usajili hauendelei. Muuzaji akisema anataka bei yake "mkononi", maana yake kodi hiyo anakubebesha wewe. Ikadirie kabla ya kukubali. Na mkiandika bei ya uongo ili kupunguza kodi, kumbuka kwamba ukija kudai urejeshewe, mahakama itasoma kiasi kilichoandikwa.

Mwenye nyumba yuko nje ya nchi, ndugu yake ndiye anauza.

Ndugu awe na hati ya uwakili, yaani hati ya kumruhusu kutenda kwa niaba ya mwenye mali, inayotaja mali hiyo na mamlaka ya kuuza, na iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Pigeni simu ya video na mwenye mali. Uwakili hufa pamoja na aliyeutoa.

Nimegundua kiwanja changu kiliuzwa pia kwa mtu mwingine. Nianzie wapi?

Kwanza usianze kuchimba msingi ili kuwahi. Utaongeza hasara tu. Kama kimesajiliwa, weka zuio kwa Msajili leo kuliko kesho. Ukiripoti polisi, muuzaji anaweza kushitakiwa kwa kujipatia fedha kwa udanganyifu, lakini kesi hiyo haiamui nani mwenye kiwanja. Swali hilo linaanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 halitoi tena hukumu na lina siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Likishindwa, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ikiwa thamani haizidi shilingi milioni 300, na juu ya hapo Mahakama Kuu. Dai la kurudishiwa ardhi lina ukomo wa miaka 12. La fedha kutokana na mkataba ni miaka 6. Siku zinahesabiwa tangu haki yako ilipovunjwa, hata kama muuzaji anaendelea kukuahidi kwamba mtayamaliza kindugu.